Philly Lutaaya: mwimbaji aliyesema ukweli wake mbele ya nchi nzima

WATU WA KUKUMBUKWA – safu yetu ya kila mwezi

 

Vijana wametuambia kwamba katika safu hii tumezidisha marais na wavumbuzi. Wanataka mwanamuziki. Sawa, tumesikia. Mwezi huu tunawaletea mwimbaji, tena mwimbaji ambaye nyimbo zake mmeshazisikia hata kama jina lake hamlijui. Anaitwa Philly Bongoley Lutaaya. Lakini tunawaonya mapema: habari yake inaanza kwa gitaa na inaishia mahali ambapo wengi wetu hatupendi kupataja. Msomeeni na bibi asiyejua kusoma, maana inamhusu naye.

Sauti inayotoka Owino

Wengi wetu tukifika Kampala tunapitia Owino. Ni soko kubwa katikati ya mji, karibu na uwanja wa Nakivubo, lililoanza mwaka wa 1971. Jina lake rasmi ni Soko la Mtakatifu Balikuddembe, kwa kumkumbuka Joseph Mukasa Balikuddembe, mfiadini Mkatoliki wa Uganda aliyeuawa mwaka wa 1885. Lakini ukimwambia mtu wa boda boda akupeleke Balikuddembe, atakuuliza, "Unataka kusema Owino?" Ndiko zinakotoka nguo za mivumba tunazovaa hapa kambini, viatu vya watoto vya kwenda shule, masufuria, na mashuka. Soko hilo limeungua moto zaidi ya mara moja, mwaka wa 2009 na tena 2011, na kila mara wauzaji wamerudi wakapanga meza zao upya. Siye tunaelewa jambo hilo vizuri.

Sasa, ukipita Owino mwezi wa Desemba, watu wanasukumana, kila mmoja anatafuta gauni la sikukuu, na spika za wauza muziki zinapigana kelele. Katikati ya kelele hizo kuna sauti moja ya mwanamume inayorudi kila mwaka. Anaimba Kiganda, anaimba kuzaliwa kwa Yesu, na muziki wake unachezeka. Nyimbo hizo ni kama "Zukuka", "Tumusinze" na "Sekukkulu". Zamani zilikuwa kwenye kaseti, baadaye sidi, leo zinawekwa kwenye simu kwa kadi ndogo. Mtoto aliyezaliwa juzi anazijua. Hapa Uganda Noeli bila Philly ni kama ugali bila mboga.

Mwenye sauti hiyo alifariki tarehe 15 Desemba 1989, siku kumi tu kabla ya Noeli. Alikuwa na miaka 38.

Kijana aliyeacha shule akashika gitaa

Philly alizaliwa Buganda, mkoa wa kati wa Uganda, mwezi wa Oktoba mwaka wa 1951. Miaka ya mwisho ya 1960 aliacha masomo ili afuate muziki. (Wanafunzi wetu, msishike maneno haya ili mwaache shule na nyinyi! Sisi ni walimu, hatuwezi kuandika jambo kama hilo bila kuweka alama ya hatari.) Alipiga muziki katika klabu za Kampala. Wakati ule Kampala ilikuwa mji wa dansi, bendi zikishindana, na muziki kutoka Congo ukitawala redioni.

Mwaka wa 1971 Idi Amin alichukua serikali, na mambo yakaharibika. Watu waliuawa, maduka yakakauka, na wengi walikimbia. Vijana wetu wengi hawajui kwamba Uganda hii inayotupokea leo ilikuwa nchi ya kutoa wakimbizi. Waganda walikimbilia Kenya, Sudani, Zaire na Ulaya. Basi tunapokaa kwenye foleni yetu, tukumbuke kwamba wazee wengi wa nchi hii nao walishakaa kwenye foleni ya namna hiyo.

Wanamuziki nao walitawanyika. Katika miaka ya 1970 Philly alifika Zaire, yaani Congo yetu, akazunguka akipiga muziki. Alifika Kenya pia, ambako wanamuziki wengi wa Uganda walikuwa wakitafuta riziki katika klabu za Nairobi. Kwa hiyo huyu si mgeni kwetu. Alikula chakula chetu na kusikia rumba ikipigwa nyumbani kwake. Ukisikiliza magitaa ya nyimbo zake vizuri, utaisikia Congo ndani yake.

Katikati ya miaka ya 1980 alihamia Sweden, katika mji wa Stockholm. Huko ni baridi, miezi ya theluji jua linazama alasiri, na watu hawasalimiani njiani. Aliwakuta wanamuziki wengine wa Uganda, kama vile Sammy Kasule, wakafanya kazi pamoja. Na hapo lilitokea jambo ambalo sisi wakimbizi tunalifahamu: mtu akiwa mbali na nyumbani, ndipo nyumbani kunapomjaa kichwani. Katika baridi ya Stockholm alitengeneza muziki wenye joto la Kampala. Ndiko alikorekodi albamu "Born in Africa", maana yake aliyezaliwa Afrika. Wimbo wenye jina hilo ulikuwa kama kitambulisho cha mtu aliyeko ugenini, ambaye hataki kusahau anakotoka wala hataki mwingine amsahaulishe. Nyimbo za Noeli nazo zilitengenezwa huko huko Sweden.

Kaseti hizo zilifika Uganda wakati nchi ilikuwa imechoka. Vita vya msituni viliisha Januari 1986, na watu walitamani kitu cha kufurahia. Philly akawa nyota, na watu wakawa wanamsubiri aje.

Ugonjwa usiotajwa jina

Sasa turudi nyuma kidogo, tueleze nchi ilikuwaje. Mwaka wa 1982, katika kijiji cha wavuvi cha Kasensero, wilaya ya Rakai, karibu na mpaka wa Tanzania, watu walianza kukonda na kufa. Wanakijiji walisema ni uchawi wa wafanyabiashara waliodhulumiwa ng'ambo ya mpaka. Ugonjwa ukaitwa "siliimu", kwa sababu ya kukonda. Baadaye wataalamu wakathibitisha kwamba ni UKIMWI.

Serikali mpya ilianza mpango wa kupambana na UKIMWI mwaka wa 1986, mapema kuliko nchi nyingi za Afrika. Redio ilipiga ngoma ya hatari kabla ya matangazo ya ugonjwa. Watu waliambiwa wawe kama ng'ombe aliyefungwa kamba, ale majani ya kwake tu asivuke shamba la jirani. Mwaka wa 1987 mama mmoja, Noerine Kaleeba, ambaye mume wake Christopher alikuwa amekufa kwa UKIMWI Januari mwaka huo huo, aliungana na wenzake wakaanzisha shirika la TASO ili kuwahudumia wagonjwa na familia zao. Wengine kati ya waanzilishi hao walikuwa wagonjwa wenyewe, na hawakuishi kuona matunda ya kazi yao.

Lakini pamoja na ngoma zote za redio, ugonjwa haukuwa na sura. Ulikuwa ugonjwa wa "watu fulani". Kwenye msiba familia ilisema marehemu alikuwa na malaria, au TB, au amerogwa. Kila mtu alijua, na kila mtu alinyamaza. Mgonjwa aliwekewa sahani yake na kikombe chake, na chumba chake kilikuwa cha nyuma.

Siku Philly aliposema

Mwaka wa 1989 Philly Lutaaya alirudi Uganda na kutangaza mbele ya waandishi wa habari kwamba ana UKIMWI. Hakukuwa na mtu mashuhuri wa Uganda aliyewahi kusema hivyo hadharani.

Mnadhani watu walimpigia makofi? Hapana. Wengi walikataa kuamini. Walisema, "Huyu mbona bado ana mwili? Mbona bado anaimba?" Wengine walisema amelipwa pesa na wazungu ili atishe watu. Wengine walisema anatafuta soko la kaseti zake mpya. Yaani mtu anatoa siri ya kifo chake, na watu wanamwambia anafanya biashara! Hapo ndipo tunapoona jinsi ukimya ulivyokuwa mzito. Watu walikuwa wamezoea uongo kiasi kwamba ukweli ulipokuja waliudhania ni mbinu.

Philly hakukasirika akarudi Sweden kujificha. Alianza kuzunguka. Alikwenda mashuleni, makanisani, katika vyuo. Alisimama mbele ya wanafunzi wa umri wa watoto wetu wa sekondari akawaambia: mimi ninaumwa, jilindeni, na walio wagonjwa msiwatupe. Aliimba pia. Wimbo wake wa wakati huo unaitwa "Alone and Frightened", na maana yake ni kuwa peke yako na kuogopa. Hakujifanya shujaa asiye na hofu. Alikubali kwamba anaogopa, na kutoka katika hofu hiyo akawaita watu wasimame pamoja.

Kadiri miezi ilivyokwenda, mwili ukamwishia. Wale waliosema ana nguvu mno kuwa mgonjwa, sasa walimwona akikonda, akishikwa mkono apande jukwaani. Mtengeneza filamu wa Canada, John Zaritsky, alimfuata na kamera katika miezi yake ya mwisho, na filamu hiyo ilionyeshwa nchi za nje mwaka wa 1990. Mwisho Philly alirudi Uganda akiwa amedhoofika kabisa, kwa kuwa alitaka kufia kwao. Alifariki katika hospitali ya Nsambya, Kampala. Aliacha watoto. Nchi nzima ililia, na safari hii hakuna aliyeweza kusema ni malaria.

Waimbaji watatu

Mwalimu akitaka mwanafunzi aelewe kitu, anakiweka karibu na kingine. Basi tumweke Philly karibu na waimbaji wengine wawili wa wakati ule ule.

Wa kwanza mnamjua wote, Franco Luambo Makiadi wa Congo, mwalimu mkubwa wa rumba na bendi yake ya TP OK Jazz. Mwaka wa 1987 Franco alitoa wimbo mrefu wa kuwaonya watu juu ya UKIMWI, "Attention na SIDA". Alionya wazazi, vijana, walimu na viongozi. Tarehe 12 Oktoba 1989 alifariki Ubelgiji, miezi miwili tu kabla ya Philly. Watu walisema mengi juu ya ugonjwa wake, lakini yeye mwenyewe hakuwahi kusema hadharani anaumwa nini, na sisi hatuna haki ya kumsemea. Onyo lake lilisaidia wengi.

Wa pili ni mwimbaji wa roki aliyejulikana dunia nzima, Freddie Mercury wa bendi ya Queen. Wengi wanamdhania Mwingereza tu. Lakini Freddie alizaliwa Zanzibar, Mji Mkongwe, tarehe 5 Septemba 1946, na jina lake la nyumbani ni Farrokh Bulsara. Wazazi wake walikuwa Waparsi wenye asili ya India. Alipokuwa na miaka 17 yakatokea mapinduzi ya Januari 1964, na familia yake iliondoka Zanzibar mwaka huo ikaenda kuanza upya Uingereza. Kwa hiyo naye ni mtoto wa familia iliyobeba masanduku. Mwaka wa 1985, tarehe 13 Julai, aliimba katika uwanja wa Wembley, London, kwenye tamasha la kuchangia wenye njaa wa Ethiopia, na hadi leo watu wanataja dakika zile kama ajabu. Aligundua ugonjwa wake mwaka wa 1987. Kwa miaka minne aliulizwa na magazeti, akakataa kusema. Tarehe 23 Novemba 1991 alitoa taarifa kwamba ana UKIMWI, na kesho yake alifariki, akiwa na miaka 45.

Hatuandiki haya ili tumhukumu Freddie. Magazeti ya huko yalimwinda kama mnyama. Kila mtu na mzigo wake, na ugonjwa ni wa mwenye mwili. Tunayaandika ili mpime uzito wa alichofanya Philly. Freddie alikuwa na utajiri, nyumba yenye ukuta, madaktari wa London, na bado neno hilo lilimshinda kutamka hadi siku ya mwisho. Philly alilitamka akiwa na miezi mbele yake ya kudharauliwa, katika nchi ambayo watu walificha sahani za wagonjwa.

Kilichofuata

Baada ya Philly, watu wengine wanaoishi na virusi walianza kwenda mashuleni na vijijini kutoa ushuhuda wao, katika mpango uliopewa jina lake. Mtoto wa shule hakusikia tena habari za "watu fulani", alimwona mtu mwenye jina na sauti, akamwuliza maswali. Kila mwaka mwezi wa Oktoba Uganda inamkumbuka.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 karibu watu wazima 18 katika kila 100 nchini Uganda walikuwa na virusi. Leo ni karibu 5 katika kila 100. Hatusemi Philly peke yake ndiye aliyefanya hivyo. Kulikuwa na redio, viongozi, makanisa, misikiti, kondomu, vituo vya kupima, na wamama kama Noerine. Tena idadi ilipungua pia kwa sababu wengi walikufa, tusifiche. Lakini huwezi kupambana na kitu usichotaka kukitaja, na Philly alilitaja jina lake kwa sauti.

Tena kumbukeni, alisema wakati hakuna dawa ya kumwokoa. Dawa za kuunganisha zilizobadilisha mambo zilipatikana nchi tajiri kuanzia mwaka wa 1996. Hapa Uganda dawa za bure zilianza kutolewa mwaka wa 2004. Philly alikuwa ameshalala kaburini miaka kumi na tano. Angezaliwa miaka ishirini baadaye, pengine leo angekuwa mzee anayelalamikia muziki wa vijana.

Na sisi hapa kambini?

Sasa tumefika mahali pagumu. Wapendwa, tuseme ukweli kama Philly.

Mwaka jana, katika darasa moja, binti mmoja aliacha kuja shule wiki mbili. Tulipofuatilia tulikuta wenzake walikuwa wakimwimbia wimbo wa kumcheka. Kwa nini? Kwa sababu mtu fulani alimwona mama yake akiwa katika foleni ya siku fulani kwenye kituo cha afya, na akaenda kusimulia bombani. Kutoka bombani habari ikafika sokoni, kutoka sokoni ikafika kwa watoto. Mama yule akaanza kuruka tarehe zake za dawa ili asionekane. Oneni hapo. Vidonge vipo. Mhudumu wa afya yupo. Kinachotaka kumwua mama huyu si virusi peke yake, ni midomo yetu.

Leo mtu anayemeza dawa yake kila siku anaishi, analima, anazeeka na wajukuu. Akimeza vizuri hadi virusi visionekane tena kwenye kipimo, hamwambukizi mwenzake katika tendo la ndoa. Mama mjamzito anayepimwa mapema na kutumia dawa anaweza kuzaa na kunyonyesha mtoto asiye na virusi. Bila dawa hatari kwa mtoto ni kati ya 15 na 45 katika kila 100, na kwa dawa inashuka chini ya 5. Sahani, kikombe, choo, kukumbatiana, kusukana nywele, havimpi mtu UKIMWI. Haya yote hayakujulikana vizuri kwa watu mwaka wa 1989. Leo yanajulikana. Philly alichekwa na watu wasiojua. Sisi tukimcheka jirani, tunacheka tukijua.

Kuna watakaosema, "Basi kila mgonjwa atangaze kama Philly." Hapana, hatusemi hivyo. Philly alikuwa na jina, na alichagua mwenyewe. Mama wa watoto watano katika kibanda cha turubai, aliyeshapoteza mume na kijiji, hana deni la kututangazia kitu. Siri yake ni yake. Tunachomwomba ni jambo dogo kuliko hilo: asibaki peke yake. Amwambie mtu mmoja. Dada yake, au mhudumu wa afya, au mzee wa kanisa au wa msikiti anayejua kufunga mdomo. Hofu ikigawanywa kwa watu wawili inapungua.

Na sisi wengine tunachoombwa ni kidogo pia. Ukimwona mtu kwenye foleni ya kituo cha afya, hukumwona. Ukisikia habari bombani, ife bombani. Mtoto wako akileta wimbo wa kumcheka mwenzake, usicheke, mkalishe chini umwulize aliutoa wapi, maana mara nyingi aliutoa mezani kwako.

Tunajua pia kwamba tangu misaada ipunguzwe mwaka wa 2025 kuna hofu nyingi na uvumi mwingi juu ya dawa. Tafadhali msiache dawa kwa sababu ya uvumi. Kabla ya kuacha, nenda kituoni ukaulize mwenyewe. Na msigawane vidonge nusu nusu kama unga, dozi ya nusu inampa kirusi nguvu.

Maswali ya kuzungumza nyumbani jioni

1. Kwa nini watu walidhani Philly anadanganya? Je, sisi tuna uongo gani tuliouzoea kiasi kwamba ukweli unatushangaza?
2. Franco alionya kwa wimbo, Philly alisema ugonjwa wake, Freddie alinyamaza hadi siku ya mwisho. Ungekuwa ndugu yao, ungemshauri nini kila mmoja?
3. Kama mmoja wa familia yetu angekuwa na siri nzito, angemwambia nani humu ndani? Kama jibu ni "hakuna", tufanye nini?

Neno la mwezi

Unyanyapaa: kumtenga au kumdharau mtu kwa sababu ya ugonjwa wake au hali yake. Tunga sentensi mbili, walete wanafunzi shuleni Jumatatu.

Desemba ikifika, mkisikia nyimbo zile za Noeli kutoka Owino au kwenye simu ya jirani, chezeni, ndivyo alivyotaka. Halafu mtoto akiuliza anayeimba ni nani, sasa jibu mnalo.

Mwezi ujao, kama wamama walivyoomba, tutamleta mwanamke. Kaeni salama, mwende mkapime, na mpendane.

Ni sisi walimu wenu wa kujitolea.